Kahawa Ikiwa Bado Maua

Nshambya, Bukoba
Jumamosi, tarehe 11 Oktoba. Asubuhi ukungu kutoka ziwani, manyunyu mpaka saa tatu, kisha jua kali.

Kemi mwanangu,

Mkono wangu umezoea kuanza kwa tarehe na hali ya hewa kama kwenye daftari la ghala, nimeuacha uanze. Ungekuwa hapa mezani ungecheka. Lakini uko chumbani, umelala au unajifanya umelala, na tangu jioni hatujasemeshana zaidi ya chumvi iko wapi na taa ya nje nani azime. Kesho saa kumi na mbili basi linaondoka. Sitaki uende Geita kuanza kazi mgodini neno lako la jioni likiwa la mwisho kati yetu, na nikilijibu kwa mdomo nitaharibu. Acha niandike.

Habari za sweta na maji ya kuchemsha sikuandikii. Wewe ni mtu wa maabara, vijidudu unavijua kuliko mimi. Na kanisa utalipata mwenyewe ukilitaka.

Neno lenyewe lilikuwa hili: "Mama, wewe unapenda pesa kuliko watu." Ulilisema umeshika sahani, mbele ya shangazi yako Adela. Adela akatazama chini kwa adabu, lakini bega lake nililiona likicheka.

Nianze na Deus, kwa sababu ndiye aliyetufikisha hapa. Alhamisi alikuja na pikipiki yake, akakataa kiti, akasimama mlangoni akitafuna kahawa niliyompa. Akasema ametoka Buganguzi, amepita kwenye kibanja chetu cha kahawa, na maua ya mwaka huu ni meupe utadhani miti imemwagiwa unga. Kisha akaja kwenye lake. "Mama Kemi, niachie miti ya upande wa chini tu. Pesa nakupa leo. Binti anaondoka, Nshambya nzima inajua, na wewe unataka kumsindikiza kwa chai?"

Nilitakiwa kusema hapana palepale. Nilisema nitafikiri. Naye akawasha pikipiki huku akisema namba yake ninayo, hata usiku nipige.

Uliyasikia yote ukiwa chumbani. Ulipotoka, uso wako ulikuwa umeshachinja mbuzi. Jioni ile ulinitajia spika za kukodi, kreti za soda na za bia, sanduku la magurudumu ili usipande gari na begi la shule. Ijumaa nilikwambia maua siuzi. Leo Adela akaja na wanawake wanne, wamevaa, wakakuta chai, ndizi na maharage. Akakaa, akanusa hewa ya jikoni, akasema, "Mie nimesindikiza wagonjwa hospitali kwa shangwe kuliko hii." Wakacheka. Nami nilicheka, maana Adela akiamua kukuchoma anachoma vizuri.

Baada ya kucheka ndipo ukasema na hilo lingine, ambalo ndilo linaloninyima usingizi hasa. Kwamba kuna mtu wa mikopo amekuambia barua yako ya ajira inamtosha. "Nikifika tu nachukua mkopo wa mshahara. Desemba nakuja kufanya sherehe ambayo wewe umeikataa." Adela akapiga makofi mara moja, kidogo tu.

Nimeinuka hapa kidogo, nimerudi. Nilikwenda kuangalia kama kifurushi chako cha kahawa ya kutafuna kimefungwa vizuri. Kimefungwa. Nilijua kimefungwa.

Kemi, Desemba ya kwanza baada ya mimi kupata kazi ya kutunza ghala la shule, nilikuwa na umri wako. Unajua Desemba ilivyo kwetu. Watu wanarudi kutoka Mwanza, Dar, kila mahali, na kijiji kinakaa barabarani kuhesabu nani amekuja na nini. Mimi nilikuwa natoka Bukoba mjini tu, safari ya asubuhi moja, lakini nilitaka nihesabiwe na wanaotoka mbali. Nilianza kununua tangu Septemba. Vitenge vya mama zangu wadogo, viatu vya watoto, shati la baba. Na siku yenyewe nikakodi gari dogo jeupe, na dereva, nikakaa nyuma. Nilimwambia dereva apige honi tukikaribia. Alipiga. Watoto walikimbia nyuma yetu mpaka uani.

Dereva akashusha mizigo, akageuza, akaondoka. Siku zote za Krismasi watoto walikuwa wakiniuliza gari langu litarudi lini. Niliwajibu liko kwa fundi. Januari ilipofika sikuwa na nauli ya basi. Bibi yako, mama yangu mimi, hakuniuliza kitu. Alifungua fundo la kanga, akanipa nauli, na noti zile nilizitambua. Ndizo nilizompa mimi mwenyewe siku ya Krismasi, mbele za watu, kwa mikono miwili.

Hilo ni la kuchekesha, ndiyo maana nimelianza. Linalofuata sijawahi kumwambia mtu.

Maua ya kibanja kile yaliwahi kuuzwa kwa ajili yako. Hukumbuki, ulikuwa na miezi minne. Baba yako alikuwa amerithi kibanja mwaka uliotangulia, mimi nilikuwa na mshahara, na tulitaka ubatizo wako usimuliwe. Kila mtu alikuwa akifanya butura. Kahawa ingali maua, au punje za kijani zisizozidi ncha ya kidole, unamwita mwenye pesa, anatembea kati ya miti, anataja bei yake, na tangu siku hiyo miti ni yako kwa kupalilia na yake kwa kuvuna. Serikali inakataza, mabwana shamba wanahubiri, na butura iko palepale, kwa sababu maua yanachanua wakati mtu hana kitu na sherehe imekaribia. Mnunuzi alikuwa mzee tuliyemwita Ta Sospeter, baba yake Deus. Alitembea na baba yako, wakapeana mikono, na Jumapili iliyofuata tulilisha watu mpaka wakasahau walikujia nini. Nilivaa gauni la rangi ya zambarau. Picha iko ukutani, wewe unalia.

Msimu wa kuvuna ulipofika nilikuwa likizo, nikaenda Buganguzi na wewe mgongoni. Ta Sospeter alikuwa ameleta wachumaji wake na magunia yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alinisalimia vizuri, akaulizia afya yako, kisha akasema, "Mama Kemi, nimepungukiwa mikono. Miti hii wewe unaijua. Njoo uchume, nitakulipa kama wengine."

Ndani hatukuwa na sukari wala sabuni. Nikachukua kikapu.

Nilichuma upande wa chini, kule kwenye miti mikubwa, wewe mgongoni. Kando yangu alikuwa mwanamke kijana aliyekuja kwa kibarua kutoka mbali, Kihaya hakijui, tukaongea Kiswahili. Mikono yake ilikuwa myepesi na alipenda kuongea. Alisifu miti. Akasema kahawa nzito namna hii hajaiona tangu aanze kuzunguka. Kisha akaniuliza, "Dada, mwenye kibanja hiki ni nani?"

Nilimwambia simjui.

Akasema, basi huyo mtu ana bahati. Tukaendelea kuchuma. Jioni Ta Sospeter alitupanga mstari, akanilipa pamoja na wengine.

Nimesimama tena. Mara hii nilishika simu. Nitakueleza.

Utadhani tuliacha mwaka ule. Hatukuacha. Hilo ndilo nililotaka ulione, maana watu husimulia kana kwamba mtu akiaibika mara moja anapona. Msimu ule hatukuwa na mavuno, kwa hiyo maua yaliyofuata yalitukuta watupu kuliko ya kwanza, tukauza tena. Na tena. Miaka mitatu. Mwaka wa pili hapakuwa na sherehe yoyote, tuliuza ili tulipe madeni ya dukani tuliyoyala tukisubiri. Na wakati wote huo mimi nilikuwa na mshahara, Kemi. Kila mwezi, bila kukosa. Haukuwa mdogo kuliko wa wenzangu wa shuleni waliokuwa wakiezeka nyumba. Wangu ulikuwa unafika umeshaliwa. Nilikuwa naupokea kama mtu anayepokea sahani kutoka kwa waliokwisha kula.

Mwaka wa nne baba yako ndiye aliyekataa. Ta Sospeter alikuja kama kawaida yake, baba yako akamkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna, wakaongea habari za mvua na za mpira. Ta Sospeter akasema twende basi tukaitembelee miti. Baba yako akasema, "Miti haijambo, itakusalimia ukipita." Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Lakini baada ya kucheka tulikula ndizi na maharage, maharage na ndizi, na Krismasi ile hukuvaa nguo mpya. Adela alikwenda kila nyumba akisema kaka yake ameachishwa kazi, masikini.

Tuliivuna wenyewe, tukaianika wenyewe uani, nikalala mlango wazi kwa kuogopa wezi. Tukaipeleka chama cha msingi cha ushirika, tukasubiri malipo mpaka nikaanza kumtukana baba yako kimoyomoyo. Pesa ilipokuja nilitaka vitenge vitatu, nilikwisha kuvichagua dukani. Tulinunua tofali. Chumba kile cha nje anachopanga mwalimu ndicho kilichotokana na tofali zile. Tangu kidato cha kwanza ada yako ilitoka humo, si kwenye mshahara wangu. Wewe ulikuwa unakiita chumba cha mwalimu. Mimi moyoni nilikuwa nakiita kahawa ya mwaka wa nne.

Hapa ningeweza kukomea, nionekane mwenye akili. Lakini neno lako la jioni lina ukweli wake, na nisipouandika huo ukweli utaniona mwongo katika yote.

Nilipojifunza kushika pesa, nilishika mno. Mama yako mdogo Edina alipomwoza binti yake wa kwanza kule Kashozi, aliniomba mchango. Mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimwambia sina. Nilikuwa nacho, ila nilikuwa nimekihesabia mabati. Wiki ileile mabati yakapita barabarani juu ya gari, mtu akamwambia Edina yanakwenda kwa nani. Sikuenda harusini, nilituma mkungu wa ndizi. Miaka sita hakutia mguu hapa, nami nilijiambia atazoea. Nilikuwa nasema kila mtu abebe chake. Nilikuwa nalala chini ya mabati mapya na mvua ikinyesha nasikia jina lake.

Siku tuliyomzika baba yako ndipo alipokuja, kabla ya majirani. Ulikuwa darasa la tano, huenda unamkumbuka alivyosimama mlangoni na kikapu kichwani. Aliingia, akatazama juu, akasema, "Mabati yako hayavuji?"

Nikasema hayavuji.

Akashusha kikapu, akakaa chini karibu yangu, tukalia.

Tangu hapo kila mavuno nikipokea malipo, kabla ya tofali, kabla ya ada, natoa sehemu na kuiita ya watu. Si nyingi. Mtu akija na msiba au na kadi ya harusi, natoa humo bila kununa, na ikiisha nasema imeisha, na safari hii ni kweli. Ndiyo maana wiki iliyopita nilipompa mtoto wa jirani nauli ya hospitali hukuona nikikunja uso. Hukuona pia siku nyingine nyingi, kwa sababu nafanya kimya. Nimeona heri uniite mchoyo kuliko niwe na watu wa kunihesabu barabarani. Labda nimekosea. Labda ungeniona nikitoa, jioni ya leo usingesema vile.

Sasa hiyo simu yako. Jumatano ulikuwa unaongea na rafiki yako, unacheka, mara ikajifunga mkononi kwa kuwa uliichukua kwa mkopo na ulikuwa hujalipia siku. Ulinikopa elfu mbili, ukailipia, ikafunguka, mkaendelea kucheka kutoka mlipoishia. Nilitazama kile kioo cheusi nikawaza: mtoto hajapokea hata mshahara mmoja na tayari kuna mtu ana kikapu kwenye mti wake. Nilikwenda kufagia ua uliokuwa umefagiwa. Na huyo wa mikopo anayeitaka barua yako ya ajira, sijamwona uso wake, lakini kutembea kwake nakujua. Anatembea polepole kati ya miti, anatazama juu.

Sikuambii umkatae. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara mbili, nimeikata. Wewe ndiye utakayeamka saa kumi na moja kwenda zamu mgodini, si mimi.

Ila nikuambie kwa nini nimeshika simu. Nilikuwa natafuta namba ya Deus. Mimi, baada ya yote haya niliyoyaandika. Nilihesabu kwamba nikimpigia sasa hivi atafurahi, atatuma pesa kwenye simu kabla ya alfajiri, na maduka ya stendi hufunguliwa mapema. Ningekununulia lile sanduku la magurudumu. Ungenitazama. Ningemwambia Adela aje stendi aone. Nimekaa na kidole juu ya jina lake, na moyo wangu unakwenda kama wa mwizi, mwanamke wa umri wangu, kwa sababu nilitaka uso wako ufunguke kabla hujapanda gari na sikujua njia nyingine. Ndipo nikaona ni lile gari jeupe tena. Bado nataka dereva apige honi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Miti ya upande wa chini, ile mikubwa, ile Deus anayoitaka, kuanzia maua haya ni yako. Si ardhi, ardhi ina ukoo na maneno mengi, na wazee wangeitisha kikao. Mazao. Nitapalilia, kahawa ni yako. Adela atasema binti hapewi miti. Mwache aseme.

Namba ya Deus nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kisha nimeifuta kwenye simu yangu. Ni wewe tu uliye nayo sasa. Barua nitaiweka ndani ya kifurushi cha kahawa ya kutafuna, chini ya jani la mgomba, kwa hiyo utaiona ukianza kutafuta cha kutafuna, na nakujua, hutafika mbali. Pengine mtakuwa mnaingia Muleba. Fungua dirisha hapo. Kama upepo unatoka Buganguzi utaisikia harufu yake, maana asubuhi baada ya manyunyu maua yananukia mpaka barabarani. Ukitaka kumpigia, mpigie. Kabla hamjafika Biharamulo pesa itakuwa imeingia, na mimi sitakuuliza, wala sitakuja kukukumbusha ukiwa na miaka arobaini. Yatakuwa maua yako uliyoyauza mwenyewe.

Na usipompigia, Desemba njoo hivyo hivyo, na begi lako la shule. Nitachinja kuku kutoka kwenye sehemu ya watu, na Edina nitamwita. Adela nitamwita pia, ana haki ya kuona.

Kahawa ikiiva, nitachukua likizo niende kuichuma mimi. Magoti hayaniruhusu sana, lakini upande wa chini ni tambarare. Nitatafuta na mchumaji mmoja wa kunisaidia, nimlipe. Najua wanavyopenda kuongea wakichuma. Safari hii akiniuliza mwenye miti hii ni nani, nitamtajia jina.

Mama yako.

Umekohoa sasa hivi, kumbe hujalala. Nimesimama mlangoni kwako, sikubisha. Saa saba na dakika kumi, nje kimya, mvua bado haijaja. Naenda kulala.